Miaka 9 nimesoma kwa Kiingereza, aliyenitafsiria ni mbeba mizigo wa darasa la saba. Lugha inapatikana darasani au mtaani?

#1 Mhasibu_Bubu
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa Machame kwenye arobaini ya shangazi. Binamu yangu anapanda Mlima Kilimanjaro na wageni, akaniomba nimsindikize hadi getini. Tumefika, mzee mmoja wa Kizungu akanifuata, akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Kilipita kama bodaboda. Nikajibu "yes, yes" na tabasamu juu. Akauliza tena. Nikaongeza "yes" nyingine. Binamu akatokea na mzigo begani, wakaongea, wakacheka, halafu nikasikia wamehamia Kijerumani. Mzee akashukuru akaondoka. Nikamuuliza binamu: alikuwa anasemaje?

"Anauliza choo kiko wapi."

Mimi nina shahada ya uhasibu. Kidato cha kwanza hadi chuo ni miaka 9, masomo yote kwa Kiingereza ukitoa Kiswahili. Naandika ripoti kila mwezi na hairudishwi hata moja. Binamu aliishia la saba, na alama yake ya Kiingereza ukoo mzima tuliikalia kimya.

Hoja yangu: darasa linatupotezea muda. Lugha inaokotwa, haifundishwi. Anayebisha aje na ushahidi.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimevuta kiti, karanga ninazo. Mtu anatafuta choo, wewe unamwambia "ndiyo, ndiyo" 😂😂

#3 Ticha_wa_Zamu
Mleta uzi, nafundisha Kiingereza sekondari ya kata, huu mwaka wa 14. Kabla hujalitukana darasa piga hesabu, si ndiyo kazi yako?

Kipindi ni dakika 40. Kidato changu cha pili wapo 83. Nikiingia nikawa bubu, nisiite mahudhurio, nisifute ubao, nisimfokee aliyelala, kila mtoto anapata sekunde 29 za kuongea. Na hapo sijafundisha kitu. Binamu yako anaongea na mgeni asubuhi, mchana na jioni, na mgeni hamkimbii kwa sababu chakula anacho yeye. Safari moja ya mlima anaongea kuliko mwanafunzi wangu anavyoongea miaka minne.

Tatizo si darasa. Tatizo ni kwamba mnaita darasa kitu ambacho ni mkutano wa hadhara.

#4 Siti_ya_Mbele
Mkutano wa hadhara nimeuelewa. Na mgeni rasmi ni ubao.

#5 Weita_Londorossi
Niko kwenye kazi hiyo hiyo. Mleta uzi, naomba kuuliza: binamu yako ni mpagazi au ni weita? Maana hapo ndipo uzi wako unapopinda.

Mpagazi anabeba kilo 20 za mgeni au za kambi. Wageni wakishaondoka, yeye anafunga mahema, anawapita njiani mbio, anawahi kambi inayofuata kusimamisha tena. Akikutana na mgeni ni "jambo" basi. Nawajua wapagazi wenye miaka 12 mlimani na Kiingereza chao hakijazidi "jambo", ambacho nacho si Kiingereza.

Weita ni mwingine. Anaingia kwenye hema la chakula mara tatu kwa siku, anasema maneno yale yale: uji, supu, maji moto ya kunawa, umelalaje, kichwa kinauma? Mwezi wa kwanza nilikuwa nayajua hayo tu. Mwezi wa pili wakaanza kuniuliza nina watoto wangapi. Baridi kali, hawana mtandao, hawana pa kwenda, wananiongelesha mimi. Nikikosea wananisahihisha polepole kwa sababu wamechoka na hawana haraka.

Mpagazi na weita wanaishi mlima mmoja na mgeni mmoja. Mmoja kaokota lugha, mwingine hajaokota. Kwa hiyo "mtaa" peke yake hautoshi kueleza.

#6 Mhasibu_Bubu
@Weita_Londorossi kweli, alianza mpagazi, sasa ni weita. Ile siku alimbebea mwenzake mzigo tu. Ila kichwa cha uzi sibadilishi.

#7 Mzee_wa_Rula
@Ticha_wa_Zamu nimekagua. Sekunde 29 mara vipindi 5, mara wiki 40, mara miaka 4, ni saa 6 na dakika 26 na ushee. Safari ya siku 6, milo mitatu, tuseme dakika 20 kila mlo, ni saa 6 kamili. Umetia chumvi kwa dakika 26.

#8 Ticha_wa_Zamu
Mzee wa Rula, njia ya Machame wengine wanatumia siku 7. Nimepona.

#9 Papasi_Mstaafu
Assalaam alaykum. Miye nilikuwa papasi, yaani dalali wa watalii ufukweni, Kiwengwa ya Unguja miaka saba, hapo kwa Wataliani. Skuli niliacha nikiwa kidato cha pili. Kitaliani nimekipatia mchangani, hakuna mwalimu, hakuna daftari. Naweza kuuza safari ya pomboo, naweza kugombana, naweza kumliwaza mtu kaachwa na mchumba. Kwa hivo nilikuwa upande wa mleta uzi kabisa.

Sasa sikiliza. Hoteli moja wakanitaka nikae mapokezi. Siku ya kwanza meneja, Mtaliani, ananisikiliza kisha anacheka mpaka anafuta machozi. Nini? Vitenzi vyangu vyote vilikuwa kama vilivyo kwenye kamusi. "Io mangiare, tu mangiare, lui mangiare." Yaani kama mtu anakwambia: "mimi kula, wewe kula, yeye kula." Miaka saba nasema hivo, na hakuna alonisahihisha!

Nikaja kujua kwa nini. Wataliani wenyewe wakiongea na sisi walikuwa wanatushushia lugha. Wanatwambia "tu andare, tu venire" kwa kudhani ndo twafahamu. Sisi tukaokota kile walichokiangusha. Ukiokota sarafu ya bandia, hata ukiwa nazo elfu ni za bandia.

Nikenda darasani miezi mitatu, jioni. Wallahi kila alichoandika mwalimu ubaoni kilikuwa kinaingia kama ufunguo, maana maneno ninayo tayari, yalikuwa yamekosa misumari tu. Na wenzangu darasani walokuwa hawajapita mchangani, misumari wanayo, mbao hawana.

#10 Njaa_Haina_Shule
Hapa tunazunguka. Jibu ni njaa. Papasi asiposema Kitaliani halali na kitu tumboni. Mwanafunzi asiposema Kiingereza anakwenda nyumbani anakuta ugali umeshaiva. Weka njaa darasani uone.

#11 Bi_Mdodosaji
@Njaa_Haina_Shule unahesabu waliobaki pwani. Papasi ambao Kitaliani kiliwagomea uliwahi kuwaona? Walirudi kuvua, walikwenda kulima mwani, wengine wako Darajani wanauza viatu. Wote walikuwa na njaa. Sisi tunamwona mmoja aliyefaulu tunasema "mtaa unafundisha". Darasani tunaona 83 wote, waliofaulu na waliofeli, tunasema "darasa halifundishi". Mizani yenyewe imepinda.

#12 Papasi_Mstaafu
Bibie kasema kweli. Tulianza tisa. Walobaki wakawa watatu.

#13 Islandi
Mimi nasema ni aibu, na jina langu humu ndilo ushahidi.

Kidato cha pili mwalimu alinisimamisha nisome. Nikafika kwenye neno la Kiingereza la "kisiwa", nikalitamka na herufi zake zote, S ikiwemo. Darasa likalipuka. Mwalimu naye akacheka. Nikaitwa Islandi hadi namaliza cha nne, hadi nyumbani wakajua. Tangu siku hiyo sikufungua tena mdomo kwa Kiingereza mbele ya Mtanzania. Mbele ya Mzungu naongea, tena vizuri tu. Akiingia Mtanzania mmoja chumbani, ulimi unaganda.

Bongo mtu akichapia neno moja ni kicheko cha wiki. Akipatia sana, tunasema anajidai, anatema yai. Sasa aongee saa ngapi? Weita kule mlimani amezungukwa na watu ambao hawamcheki. Hiyo ndiyo tofauti, si njaa wala sekunde 29.

#14 Siti_ya_Mbele
Pole sana Islandi. (Nimecheka kidogo. Naomba radhi.)

#15 Mzalendo_Asilia
Haya yote chanzo chake ni Nyerere kufuta Kiingereza mashuleni. Wenzetu Kenya waliendelea nacho, ona walipo.

#16 Kumbukumbu
@Mzalendo_Asilia tusipotoshe. Baada ya 1967, na sera ya Elimu ya Kujitegemea, kilichobadilika ni shule ya msingi: Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia na Kiingereza kikabaki kama somo. Sekondari haikuguswa. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili, serikali haikutekeleza. Nyerere mwenyewe alikitetea Kiingereza sekondari, na neno lake kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia linajulikana.

Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wa sekondari na vyuo. Walikuta wengi Kiingereza chao hakiwatoshi kabisa kusomea masomo mengine. Baadaye Uingereza ikagharimia mradi wa kuleta vitabu vyepesi vya kusoma. Tulisema lugha itaingia yenyewe kwa kusomea masomo. Haikuingia.

#17 Mzalendo_Asilia
Vile vitabu vyembamba vya hadithi? Nilivisoma! Nilidhani ni vya sera ya elimu ya 1995.

#18 Kumbukumbu
Vilianza kabla, mwishoni mwa miaka ya 1980. Sera ya 1995 iliendeleza tu mpango wa lugha uliokuwepo.

#19 Ticha_wa_Zamu
Naongeza kwenye ya Kumbukumbu. Mnasema mtoto wa sekondari "anaishi" kwenye Kiingereza siku nzima. Haishi. Mwalimu wa baiolojia anaeleza kwa Kiswahili, maana akieleza kwa Kiingereza anaongea na ukuta. Halafu anaandika noti kwa Kiingereza, mtoto anakariri noti, mtihani unauliza noti. Mimi namjua mtoto anayeweza kuandika aya nzima ya mzunguko wa damu bila kosa, na hawezi kuniomba ruhusa ya kwenda nje. Mhasibu_Bubu, ripoti zako za kila mwezi, niambie ukweli: unaandika, au unafungua ya mwezi uliopita unabadilisha tarakimu?

#20 Mhasibu_Bubu
Hilo swali sikulitegemea kutoka kwa mwalimu.

#21 Ummu_Salha
Mimi nitasema la Kiarabu. Nimehitimu msahafu nikiwa na miaka 12, Tanga, juzuu zote 30. Tajwidi nzuri, hata mashindano nilipelekwa. Lakini ungeniambia niombe maji kwa Kiarabu, ningekufa na kiu.

Nikaenda Oman kufanya kazi za ndani. Nyumba ya kwanza Muscat, mama wa nyumba mzaliwa wa Unguja, alihamia huko miaka ya 1970, anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Watoto wanakisikia, wanakijibu. Mwaka mzima nilikaa Uarabuni sikujua Kiarabu, nilirudi najua Kiunguja! Nyumba ya pili hakuna aliyejua Kiswahili. Wiki ya kwanza nililia. Miezi minane nikawa naongea. "Jibi", lete. "Mafi", hakuna. Kilikuwa Kiarabu cha jikoni, kilichovunjwa vunjwa kama cha yule kaka wa Kitaliani, maana na wao kwa wafanyakazi wanakivunja hivyo hivyo.

Ila madrasa ilinisaidia kitu kimoja hawakukitegemea. Ile 'ain na ile ha ya kooni nilikuwa nazo tangu mtoto. Wenzangu wa nchi nyingine walikuwa hodari wa maneno lakini sauti hazitoki. Na vibao vya dukani nilikuwa nasoma. Bibi wa ile nyumba alikuwa ananiita nimsomee Qur'ani, halafu anashangaa: unasoma hivi, kuongea uko vile?

#22 Papasi_Mstaafu
@Ummu_Salha huyo mama wa Muscat nahisi namjua kwao. Malindi ile ya Unguja?

#23 Ummu_Salha
😊 Majina ya watu siweki humu.

#24 Thika_Road
Hamjambo ndugu zangu wa kusini. Mimi ni Mkenya na nimewasoma nikicheka, lakini kesi yangu iko upande mwingine.

Kiswahili nilikifunza darasani miaka 12. Chini ya mfumo wetu wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, nikapata A. Ngeli zote nakutajia usingizini: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I. Insha zangu zilianza na jua kuchomoza na zilimalizika na methali. Nikapata kazi Dar. Siku ya kwanza nimeketi kwa mama ntilie, nikasema kwa upole wangu wote: "Nipe maji."

Meza nzima ikanyamaza. Mama akaniangalia kama nimemtusi. Jamaa mmoja akaninong'oneza: "Sema naomba." Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia. Sarufi ilikuwa sahihi! Ilinichukua mwaka kujifunza "naomba", "samahani", "tafadhali kidogo", "pole na kazi", na kwamba salamu haiishi kwa "poa".

#25 Siti_ya_Mbele
Wakenya wanajua ngeli zote isipokuwa ngeli ya kuomba 😂

#26 Thika_Road
Na nyinyi mnajua kuomba lakini mnaandika "nimeludi nyumbani naomba unisamehe kwa kuchelewa kurala". Tukae hivyo hivyo.

#27 Mzalendo_Asilia
Hiyo ya l na r ni ya baadhi ya makabila, usituchanganye wote.

#28 Islandi
Na kucheka watu kuhusu l na r ndiyo kitu kile kile nilichosema #13. Endeleeni tu.

#29 Msimamizi_Zamu
Rudini kwenye mada. Komenti tatu za l na r nimezifuta, na hizo zilikuwa za kistaarabu kulinganisha na ile ya nne.

#30 Bukavu_Mwanza
Jambo wandugu. Mimi ni mutu wa Bukavu, niko naishi Mwanza sasa. Sisi kule tunasemaka Kiswahili bila mwalimu, na ku masomo ni Kifaransa. Lakini nataka kusema juu ya Lingala. Lingala nilikuwa naisikiaka kila siku tangu utoto: ku miziki, ku basoda (askari), ku redio. Nyimbo nilijua yote, neno kwa neno. Nikafika Kinshasa na miaka 20, mutu ananiuliza njia, sina jibu. Nilikuwa nafahamu karibu yote, ila kinywa hakikuwa kimezoea. Miezi tatu tu ikafunguka yote mara moja.

Sasa mutasema nilijifunza ku redio miaka 20, ao ku Kinshasa miezi tatu?

#31 Bi_Mdodosaji
Swali la Bukavu ndilo bora kuliko yote humu. Kuna ghala na kuna mlango.

#32 Baridi_Ottawa
Wakuu, niko Kanada, nimefundisha lugha huku. Hilo la Bukavu wataalamu wamelipigania miaka 40.

Stephen Krashen wa California, miaka ya 1980, alisema kinachokupa lugha ni kuelewa unachosikia na kusoma, kikiwa juu kidogo tu ya kiwango chako. Sheria za sarufi unazokariri zinakusaidia kujikagua tu. Angalieni neno "kuelewa". Ukisikiliza redio ya Kichina miaka kumi bila kuelewa, unabaki na kelele. Kwa hiyo kidato cha kwanza chenu, kwa Krashen, si mazingira ya lugha. Ni kelele.

Huku Kanada kuna watoto wa Kiingereza wanaosomeshwa masomo kwa Kifaransa tangu wadogo. Merrill Swain aliwachunguza, akaona baada ya miaka mingi wanaelewa karibu kama wenyewe, lakini wakiongea na kuandika makosa bado. Mwaka 1985 akaandika kwamba kusikia hakutoshi, lazima mtu asukumwe aseme, tena aseme sawasawa.

Na Papasi_Mstaafu ana ndugu yake kwenye vitabu. Richard Schmidt mwaka 1983 aliandika habari za msanii wa Kijapani aliyehamia Hawaii, akamwita Wes. Mchangamfu, marafiki tele, Kiingereza cha kuongea kikapaa. Sarufi ikabaki pale pale karibu miaka yote aliyomfuatilia.

#33 Papasi_Mstaafu
Mwambieni Wes aende darasani jioni.

#34 Njaa_Haina_Shule
Ottawa, hao wasomi watatu hawajakubaliana. Mimi nabaki na njaa yangu.

#35 Kontena_Moja
Njaa? Nimekwenda Guangzhou mara 11 kufuata mzigo wa Kariakoo. Njaa ninayo, mtaji wa mkopo, kukosea ni hasara. Kichina changu leo: bei gani, ghali sana, na namba. Basi. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji anabonyeza kikokotoo, ananigeuzia. Nabonyeza yangu, namgeuzia. Kikokotoo ndicho mkalimani. Njaa inakufundisha kiasi kile kile inachohitaji kushiba, halafu inalala.

#36 Dada_Mlimani
@Kontena_Moja mimi nilisoma Kichina pale Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi wa kwanza wote ni sauti tu, nikaona wananichosha. Baadaye nikaelewa. "Mai" ukiishusha halafu ukaipandisha ni kununua. Ukiishusha tu kwa ukali ni kuuza. Wewe huwa unawaambiaje?

#37 Kontena_Moja
Dada yangu. Kumbe ndiyo maana kila duka nikiingia wananiuliza mzigo wangu uko wapi.

#38 Siti_ya_Mbele
Karanga zimeisha. Naomba mtu aniokoe 😂😂😂

#39 Mama_Wawili
Mmesahau umri. Mtoto wa jirani yangu, miaka mitano, hajaenda hata chekechea, anaongea Kiingereza cha Kimarekani kutoka kwenye katuni. Hana njaa, hana aibu, hana mwalimu. Mimi katuni zile zile nazitazama naye, sipati kitu.

#40 Baridi_Ottawa
Eric Lenneberg alilisema hilo 1967, kwamba kuna umri ubongo unapokea lugha kirahisi, halafu mlango unaanza kufunga. Wengi wanakubali kwa upande wa matamshi. Kwa maneno na sarufi wanabishana hadi kesho.

#41 Mjukuu_Karatu
Kwa umri nina kesi. Bibi yangu Mwiraki. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, jambo ambalo humu wengi mnalisahau: mnaongea kana kwamba lugha ya pili ni Kiingereza tu. Alianza Kiswahili akiwa mtu mzima, ana watoto wanne, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970. Alifundishwa kusoma na kuandika jioni chini ya mti. Kuongea, anasema mwenyewe, alijifunzia mnadani, akiuza mbuzi kwa watu wa Arusha.

Nikamuuliza kipi kilimsaidia zaidi. Akasema mnadani alijua kusema "mbuzi huyu elfu ngapi", lakini darasani ndipo alipojua kuwa "elfu" na "ngapi" ni maneno mawili.

#42 Bi_Mdodosaji
Huyo bibi angekuwa humu tungefunga uzi.

#43 Mzee_wa_Rula
Takwimu moja kwa wanaodharau darasa. Wamarekani wanapomwandaa mwanadiplomasia, Kiswahili wamekipangia wiki 36, saa 900 hivi za darasani. Kifaransa ni pungufu ya hapo. Kiarabu na Kichina ni saa 2,200. Wanalipwa mshahara wakisoma, darasa ni la watu wachache. Sasa turudi kwa Ticha: saa 6 na dakika 26 za mdomo kwa miaka minne. Hatujawahi kulijaribu darasa tukasema limeshindwa.

#44 Weita_Londorossi
Hao wa saa 900 nimewapandisha wawili. Kiswahili safi. Tulipofika juu mmoja akashikwa na kichwa akaanza kulia kwa Kiingereza.

#45 Mhasibu_Bubu
Wakuu nimesoma zote. Leo nilimpigia binamu, nikamsomea baadhi. Pa Wes alicheka sana. Kumbe mwenyewe ana shida yake: anataka kuwa mwongoza wageni mlimani, na mafunzo yana mtihani wa kuandika. Kuongea anaongea, akishika kalamu neno halitoki. Ameniomba nimsaidie kuandika. Nikamwambia sawa, ila tukiwa kwenye simu tuongee Kiingereza.

Dakika ya kwanza tu nimechapia, akanisahihisha. Sikumwonea aibu sana. Kidogo.

#46 Ticha_wa_Zamu
Ulisema nini?

#47 Mhasibu_Bubu
Siwezi kuandika hapa, Siti ya Mbele yupo.

#48 Siti_ya_Mbele
Nipo, tena nimenunua karanga nyingine.

#49 Mgeni_Humu22
Samahani wakuu, ni wapi Moshi wanafundisha Kijerumani jioni kwa bei ya kawaida? Nafanya kazi hotelini, najua salamu na namba tu.

#50 Weita_Londorossi
@Mgeni_Humu22 hoteli yako ina wageni wa Kijerumani?

#51 Mgeni_Humu22
Wengi. Lakini mimi niko kwenye kufua.